Mwani wa Tangi la Farasi-bahari: Upi Ununue Ukiwa Kisumu au Nakuru

Farasi-bahari hali mwani. Anauhitaji kwa ajili ya mkia wake: haogelei vizuri, na sehemu kubwa ya siku hujifunga kwenye shina akingoja chakula kipite mbele ya mdomo. Kwa hiyo usianze na rangi. Angalia kama shina linashikika, yaani unene wake uwe kati ya njiti ya kiberiti na penseli, kisha uliza mwani huo ukifa utakufa polepole au usiku mmoja. Hilo la pili ndilo linaloua samaki, na ndilo wauzaji wasilolitaja.

Wa kwanza ni Gracilaria. Huu ni mwani mwekundu wenye matawi ya mviringo, na hata pwani yetu unaota. Ukianza kuharibika hupauka tawi baada ya tawi, kwa hiyo unapata siku kadhaa za kukata palipooza. Kwa tangi la lita 150 nunua fungu la ngumi mbili. Livunje kidogo kwenye ncha: lililo zima hukatika mara moja kama karoti changa. Lililolegea na kuteleza likatae hata ukipunguziwa bei. Kasoro yake inatokana na mkondo wa polepole anaoupenda farasi-bahari, maana mabaki ya chakula hukwama matawini. Mara mbili kwa wiki yapulize kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe, kisha uyanyonye kwa mpira yakiwa bado yanaelea. Ukiacha, mwani wa nywele utaota juu yake na kuukaba.

Wa pili, Chaetomorpha, umefanana na uzi wa kuvulia uliotatizana. Kama kishikio ni hafifu, lakini kwa kusafisha maji hauna mpinzani. Farasi-bahari hana tumbo la kuhifadhi chakula, hivyo hulishwa mara 2 au 3 kwa siku, na naitreti (uchafu unaotokana na chakula na kinyesi) hupanda haraka. Ngumi moja inatosha. Uweke kwenye tangi dogo la chini, taa yake iwake usiku wakati ya juu imezimwa, ili pH (kipimo cha uasidi wa maji) isishuke sana. Ugeuze kila wiki, la sivyo katikati pasipofikiwa na mwanga pataoza. Ukiuweka kwenye tangi la farasi-bahari wenyewe, ufunge kwenye jiwe usije ukaziba pampu.

Halimeda ni ya tatu: vipande vigumu vya kijani vilivyoungana kama shanga bapa. Inajenga mwili wake kwa kalsiamu, hivyo maji yawe na miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Ununue ukiwa na shina la chini na mchanga wake. Uliong'olewa mtupu haudumu.

Wa nne ni spinosum, ule unaolimwa na akina mama wa Kibuyuni, Kwale. Shina lake ni nene na mkia unaupenda. Tatizo ni kwamba umezoea bahari inayosukasuka na jua kali, na ndani ya tangi tulivu hufanya mabaka meupe ukakatika vipande. Ununue tu kama una pembe yenye mkondo na taa nzuri.

Wa mwisho ni Caulerpa, hasa ile ya manyoya. Ndiyo inayokua haraka kuliko yote na mara nyingi ndiyo utakayopewa kwanza. Lakini huamua kutoa mbegu zake zote usiku mmoja. Asubuhi unakuta majani yamebaki kama glasi, maji yamekuwa maziwa, na farasi-bahari wanahema kwa kukosa oksijeni. Hapo ongeza hewa, toa mabaki yote na badilisha theluthi ya maji. Aina ya Caulerpa prolifera, yenye majani mapana, ina nafuu kidogo; hata hivyo ing'oe uzi wake mzima unaotambaa badala ya kuikata katikati.

Mpangilio huu hautakusaidia kama joto halijadhibitiwa. Farasi-bahari wa maji ya joto wanataka nyuzi 22 hadi 24. Juu ya hapo bakteria huwashambulia. Kisumu utahitaji feni juu ya maji, nayo hupunguza maji kila siku: jazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haipandi na mvuke. Nakuru shida ni baridi ya usiku, basi weka hita. Visima vingi vya Nakuru vina floridi nyingi, kwa hiyo tumia maji ya RO (yaliyochujwa kwa mtambo wa utando), uchanganye na chumvi ya akwariamu hadi kipimo cha uzito wa maji kisome 1.024 au 1.025. Chumvi ya jikoni haina kalsiamu wala magnesiamu ya kutosha.

Mwani ukitoka Mombasa kwa basi la usiku, usisafirishwe kwenye mfuko uliojaa maji. Ufungwe kwenye karatasi za jikoni zilizoloweshwa maji ya bahari, ndani ya boksi la barafu bila barafu, mbali na injini. Ukifika, usuuze kwenye ndoo tatu za maji ya chumvi, kisha uuache wiki 4 kwenye tangi la pembeni lenye taa. Kila jioni uchunguze kwa tochi. Unatafuta Aiptasia, kidude cha kahawia kama mnazi mdogo, na nywele nyeupe za haidroidi. Vyote viwili huchoma, na farasi-bahari aliyejifunga mkia hapo haachii upesi; ngozi huungua kisha kidonda huoza. Ukiona hata kimoja, tupa fungu lote.