Saa ya masal Üsküdar: uzoefu wangu na wanangu wawili

Huu ni mwaka wetu wa sita Istanbul. Wanangu wanasoma shule za huku, na Kituruki wananishinda mbali. Jirani aliponiambia kuna duka dogo la vitabu katika wilaya ya Üsküdar lenye saa ya masal, yaani ngano, kwa watoto kila Jumamosi mchana, nilikwenda nikitaka tu watoto wapate pa kukaa nami ninywe chai yangu kwa utulivu. Tumeshakwenda mara nane, na chai yenyewe huwa inapoa mezani.

Hapasomwi kitabu, hilo mlijue mapema. Msimulizi ni mama wa makamo ambaye watoto wote wanamwita teyze, yaani mama mdogo. Huketi kwenye kigoda, fimbo mkononi, leso begani. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa vifaa vya meddah, msimulizi wa zamani wa migahawa ya kahawa, aliyeigiza peke yake watu wote wa kisa chake. Sanaa hiyo imo kwenye orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2008. Teyze akiifunga leso chini ya kidevu, mbele yenu yupo ajuza. Akiiziba nayo mdomo, sauti inatoka kama ya mtu aliyetumbukia kisimani. Fimbo mara ni ufagio, mara ni farasi. Mwanangu mdogo wa miaka minne aliiangalia ile fimbo wiki ya kwanza yote, akingoja ikimbie.

Kabla ya kisa huja tekerleme, maneno ya kuchezesha ulimi. Bir varmış, bir yokmuş: alikuwepo, hakuwepo. Zamani ndani ya zamani, chekecheke ndani ya nyasi kavu, ngamia walipokuwa wapiga mbiu, viroboto walipokuwa vinyozi, nami nikibembeza kitanda cha mama yangu na baba yangu, tıngır mıngır, tıngır mıngır. Mtoto abembeze vipi kitanda cha wazazi wake wakiwa wachanga? Hapo ndipo watoto wanapocheka, na wakishacheka wameshaingia. Kitenzi nacho kinawasaidia: ngano za Kituruki husimuliwa kwa kiishio cha -miş, kinachoonyesha kwamba msemaji hakuona kwa macho, ameambiwa. Sisi tungesema “eti”. Binti yangu wa miaka minane alilifahamu hilo kabla yangu, na siku hizi akivunja kikombe ananiletea habari kwa -miş.

Wiki ya tatu teyze alimwuliza binti, kwenu mnaanzaje? Akanitazama. Nikamnong’oneza. Akasimama katikati ya zulia akasema “Paukwa!”, kisha akawafundisha wenzake kujibu. Watoto ishirini wa Üsküdar wakaitika “Pakawa!” hata mwenye duka akatoa kichwa nyuma ya kaunta. Nilishindwa kuzuia machozi. Mwanangu huyu nyumbani nilikuwa nikimsimulia kwa kuvutana, ananiambia Kiswahili kinamchosha.

Visa vyenyewe ni vingi. Wataalamu Wolfram Eberhard na Pertev Naili Boratav waliorodhesha aina 378 za ngano za Kituruki mwaka 1953, na teyze hajarudia hata kimoja tangu tuanze. Yupo Keloğlan, kijana maskini mwenye kipara anayeishi na mama yake, ambaye kila mtu anamwona mjinga mpaka mwisho wa kisa. Lipo dev, ambalo sisi tungeliita zimwi. Na yupo Nasreddin Hoca, mcheshi maarufu wa visa vya Kituruki, anayehesabiwa kuwa aliishi karne ya 13. Kaburi lake liko Akşehir, na teyze alituambia mlango wake una kufuli kubwa ilhali pembeni ni wazi.

Cha Hoca kilichonikaa zaidi ni kile cha sufuria. Hoca aliazima sufuria kubwa kwa jirani, akairudisha ikiwa na ndogo ndani yake: “Sufuria yako imezaa.” Hapo teyze alinyamaza, akawauliza watoto, wewe ungeipokea hiyo ndogo? Nusu wakasema ndiyo, nusu wakasema huo ni wizi, wakabishana kwa dakika nzima, naye akawaacha. Jirani akapokea. Siku nyingine Hoca akaazima tena, safari hii kimya. Jirani alipoifuata akaambiwa imekufa. Sufuria inakufaje? “Ilipozaa uliamini, kwa nini ilipokufa huamini?” Mvulana mmoja aliyekuwa amesema angeipokea alijifunika uso kwa mikono. Kisa kilekile mtoto angesomewa kitandani angelala katikati. Pale yule mvulana alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya wenzake, kwa hiyo mwisho ulimgusa yeye mwenyewe.

Kasoro zipo. Mara mbili walianza kwa kuchelewa karibu nusu saa, na mashine ya kusaga kahawa huunguruma hasa mahali pa kunong’ona. Jumamosi moja teyze aliumwa, wakaleta kijana wa kusoma kutoka kwenye simu. Watoto walitawanyika kabla ya dakika kumi, na ada tukalipa ileile. Ulizeni kwanza nani anasimulia. Tena visa vya dev ni vikali: mwanangu mdogo alijificha ndani ya koti langu wiki ya tano na usiku akataka taa iwake. Chini ya miaka mitano kaeni naye zuliani, msimwache mbele peke yake. Viatu vinavuliwa, vaeni soksi nzito. Sisi tunatoka Eminönü kwa kivuko, na hiyo safari watoto wanaipenda.

Mwisho wa kila kisa kuna matufaha matatu yanayoanguka kutoka mbinguni: moja la msimulizi, moja la msikilizaji, na la tatu teyze huwaachia watoto waseme la nani. Hulitoa kweli mfukoni na kulikata kwa kisu kidogo. Siku ya sufuria binti alisema la tatu ni la bibi yake, Tanga. Jioni tukapiga simu.

“Shikamoo bibi. Nimekuwekea tufaha.”

“Marahaba mjukuu wangu. Tufaha la nini tena?”

Akamsimulia chote, kwa Kiswahili, akipanda na kushuka sauti kama teyze. Mama alisikiliza mpaka sufuria ilipokufa, halafu akasema, “Huyo si Hoca, mwanangu. Huyo ni Abunuwasi, tena mimi nilikisikia kwa nyanya yangu.” Binti akakataa. Bibi akakataa. Walibishana mpaka salio likakatika, na Jumamosi ijayo binti anakwenda kumpelekea teyze shauri hilo.