Duka la mitishamba ya Kichina, Kilimani: chukua mizizi, acha unga

Duka lenyewe ni dogo, la ghorofani, na dawa nyingi zimo kwenye droo na mitungi ya kioo badala ya paketi zilizofungwa. Hiyo ni faida kubwa. Mteja anaona anachonunua, anaomba kipande, ananusa, anatafuna. Wauzaji hawanuni.

Huangqi, mzizi mkavu wa mmea wa Astragalus, ndiyo bidhaa yao bora. Vipande vimekatwa mshazari, moyo ni wa manjano, pembeni ni peupe, na mistari inatoka katikati kuelekea ganda. Ukikikunja kipande, nyuzi zinashika kabla hakijakatika. Ukitafuna, utamu hutangulia, kisha ladha ya maharagwe mabichi. Pasipo ladha hiyo, ama mzizi umekaa ghalani mno ama ni mmea mwingine.

Danggui, mzizi wa Angelica sinensis, ni ya kuchagua kwa mkono. Mzizi mzuri una mafuta, harufu kali, na vitone vya kahawia mahali ulipokatwa. Farmakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, inataka kemikali iliyomo iitwayo asidi ya feruliki isipungue asilimia 0.05, kipimo ambacho jicho haliwezi kukifanya, lakini pia inakataa kabisa mzizi mkavu usio na mafuta au ulioingia ukijani ndani. Katika droo ya duka hili aina zote mbili zimechanganyika. Omba droo ivutwe yote, usikubali kuchotewa.

Goji zao, matunda madogo mekundu yaliyokaushwa, zing'ae zitakavyo, usizinunue. Tia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji baridi: maji yakiwa mekundu, zimepakwa rangi. Za hapa zinatoa manjano hafifu, na kitovu cha tunda kimebaki cheupe, kwa hiyo rangi si tatizo. Tatizo ni harufu ya kuchoma puani ukifungua mfuko. Hiyo ni salfa. Wakulima na madalali hufukiza mazao kwa salfa ili yasiote kuvu na yapendeze, na China imeweka kikomo cha miligramu 150 za dioksidi ya salfa kwa kilo kwa dawa nyingi, 400 kwa chache kama tianma na baishao. Pua haiwezi kukuambia kikomo kimevukwa au la. Maabara ndiyo hujibu, na duka halina cheti cha kuonyesha.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye mtungi ulioandikwa "fangji" tu. Jina hilo limebebwa na mimea miwili: Stephania tetrandra, na Aristolochia fangchi yenye asidi ya aristolokiki, inayoua figo na kusababisha saratani ya njia ya mkojo. Huko Ubelgiji, mkanganyiko huu uliingia kwenye vidonge vya kupunguza unene. Madaktari waliripoti mwaka 1993 wanawake walioharibika figo, na baadaye idadi ikapita mia. China yenyewe iliufuta mmea huo wa pili kwenye orodha ya dawa mwaka 2004. Muuzaji asiyeweza kukutajia jina la Kilatini la fangji yake, usinunue hata gramu moja.

Unga nao uache ulipo. Mzizi ukishasagwa, kinachoweza kuutambua ni hadubini, kromatografia au kipimo cha DNA, si wewe uliyesimama kaunta. Vidonge na paketi zilizofungwa viulizie usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya. Hapa baadhi vina lebo ya Kichina peke yake.

Mizani yao ni ya kidijitali na inamtazama mteja, jambo zuri. Maelekezo ya kuchemsha, hata hivyo, ni ya mdomo na ya haraka mno. Kwa huangqi: loweka nusu saa, tumia chungu cha udongo au sufuria ya chuma cha pua, kamwe si ya alumini. Ikishachemka, punguza moto, iache dakika 30, chuja, kisha rudia kwa maji mapya na uchanganye maji yote mawili. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, asiguse danggui kabla ya kumuuliza daktari wake. Kaunta haimuulizi mtu swali hilo.