Jump Force: mastaa kibao, ngumi moja

Mi Jump Force, ile gemu ya kupigana inayokutanisha mastaa wa manga (katuni za Kijapani za kusoma), naicheza tangu ilipotoka 2019, nikaiacha kwa hasira, nikarudi, nikaiacha tena, na bado diski ninayo na jamaa yangu akija lazima tuiwashe. Kwa hiyo nikiiponda jueni naiponda kama mtu anavyomponda ndugu yake.

Ile traila ya E3 2018, yale maonyesho makubwa ya gemu, mnaikumbuka? Goku, Luffy na Naruto wako New York imebomoka, alafu mwisho kabisa wanatokea Light na Ryuk wa Death Note, yule anayeua kwa kuandika majina daftarini na shetani wake, wanaangalia. Mashabiki walichanganyikiwa. Shonen Jump, jarida la manga walikotoka hawa wote, ilikuwa inatimiza miaka 50, Bandai Namco wenye gemu kazi ya kuitengeneza wamewapa Spike Chunsoft, injini ya kuijengea ni Unreal 4, yaani kila mtu akajua sasa hii ndo yenyewe. Kumbe Light na Ryuk wamo kwenye stori tu, kuwachagua ukapigana nao hamna. Ukifikiria vizuri ni sawa tu, Light atapigana na nini, kalamu? Lakini basi usimweke mwisho wa traila bwana.

Kelele kubwa ilipotoka ilikuwa sura. Walitaka wahusika wafanane na watu wa kweli, matokeo yake ngozi inang'aa kama sanamu la dukani, macho ya Luffy yanatisha, na nywele za Yugi utasema ufagio wa plastiki. Kwenye stori wanasimama tu wanaongea midomo haifunguki vizuri, na kabla ya maongezi ya sekunde kumi unapewa lodingi, ukimaliza lodingi nyingine. Hapo waliostahili matusi walitukanwa, sina la kuongeza. Ila mapigano yakianza, nguo zinachanika, uso unachafuka, ile spesho (pigo maalum la mhusika) ya mwisho kamera inakusogelea, hapo inapendeza na ninayesema ni mtu niliyeizomea.

Ila sura unazoea. Kinachoniudhi mpaka leo ni balansi, yaani usawa wa nguvu kati ya wahusika, na naona watu wengi wanailaumu kijuujuu, eti fulani ana nguvu sana apunguzwe. Tatizo sio fulani.

Iko hivi, unachagua watatu dhidi ya watatu, ila damu, yaani uhai wa timu, ni moja. Gemu zingine za timu ukipigwa unamtoa huyo akapumzike, unaingiza mwenye damu yake, kwa hiyo kubadilisha kuna maana. Hapa ukimtoa Zoro ukamwingiza Gon, Gon anaingia na majeraha ya Zoro. Ni kama umebadilisha shati. Alafu kila mtu kakatwa kitambaa kimoja: ngumi nyepesi unabofya bofya kombo inajitoa yenyewe, ngumi nzito, kukamata, spesho tatu na ile kubwa ya mwisho. Goku hivyo, Kenshin hivyo, Jotaro hivyo hivyo. Sasa kama ngumi zote zinafanana, kinachobaki kutofautisha watu ni spesho, na kwenye spesho anayeshinda ni mwenye ya haraka inayofika mbali. Basi. Mwenye upanga imekula kwake.

Nikupe mfano wa juzi. Mi nina Kenshin, Zoro na Gon, kwa sababu nawapenda, jamaa ana watatu wote wa kurusha rusha miale kutoka mbali. Namkimbiza, anarudi nyuma anarusha, nakwepa, namkimbiza tena, ile mita ya mwendo inayokuruhusu kukimbia inakata katikati ya uwanja, nimesimama kama mtu aliyesahau alichofuata sebuleni, naliwa mwale mzima kifuani. Nikikinga anakuja kunikamata maana kukamata kunavunja kinga. Hilo la kukamata silalamiki, ni mchezo mzuri wa kubahatisha akili ya mwenzako, na mkikaribiana kweli gemu inanoga sana. Shida ni kufika hapo karibu.

Na kinachouma zaidi gemu za Jump zilishalitatua hili zamani. Jump Ultimate Stars ya 2006 kwenye Nintendo DS, haikutoka nje ya Japani, una ubao wa vyumba 20 unaupanga kwa vipande vya kurasa za manga. Ukitaka mpiganaji mkali kipande chake kinakula vyumba vingi, wa kusaidia anakula viwili vitatu, kwa hiyo nguvu ina bei, ukimjaza Goku wa hali ya juu nafasi ya wengine inaisha. Skrini ndogo ile, michoro bapa, na bado kila mmoja alikuwa na ladha yake. Miaka kumi na tatu baadaye tumepewa Unreal 4 na ngumi moja.

Wahusika wa kununua kando ndo walifuata, Kaiba, Bakugo, Madara, All Might, baadaye Meruem na Giorno, kila akija watu wanafurahi wiki moja alafu wanarudi pale pale kulalamika. Ya kidijitali iliondolewa madukani Februari 2022, Agosti mwaka ule seva zikazimwa, kwa hiyo ule ukumbi wote wa mtandaoni wa kukimbia kimbia na mhusika wako uliyemtengeneza siku hizi unakimbia peke yako. Ukiipata diski iliyotumika chukua, ila uwe na mtu wa kukaa naye kochi moja, stori peke yake haitoshi kukuamsha usingizini.

Sisi tumeshaweka sheria, hakuna kurusha spesho mbili mfululizo bila kusogea mbele. Jamaa akakubali bila ubishi, nikashtuka. Akachagua Yugi, akasimama kule mwisho, akaanza kumtuma Dark Magician, yule mchawi anayemwita kutoka kwenye karata zake. Nikasimamisha gemu nikamuuliza sheria vipi, akanijibu huyo sio spesho, huyo ni mfanyakazi wake.