Mashine za kukausha nguo kwa nyumba za Malindi: ipi ya kununua na ipi ya kuiacha dukani

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika na kusi ikileta unyevu wa bahari, shuka iliyoanikwa asubuhi mjini Malindi huanuliwa jioni ikiwa mbichi na imeanza kunuka uvundo. Ndiyo maana wenye nyumba za wageni na familia zenye watoto wachanga huulizia mashine za kukausha. Hapa nimezipanga si kwa bei, bali kwa swali hili: mashine ikiharibika, fundi wa hapa ataweza kuitengeneza? Hewa ya chumvi hula viungo vya nyaya na mabati, na hakuna aina inayosalimika.

Kwa nyumba ya kawaida naitanguliza mashine ndogo ya kukamua, ile inayouzwa peke yake au ikiwa ubavuni mwa mashine ya kufulia ya mapipa mawili. Haikaushi nguo kabisa, lakini huzungusha pipa zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na nguo zikitoka humo huhitaji saa chache tu za kuanikwa barazani penye upepo. Ikinguruma bila kuzunguka, shuku kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka) au breki iliyokwama. Ikitetemeka sana, aghalabu nguo zimeelemea upande mmoja.

Ya pili ni mashine inayotoa hewa ya moto nje kwa bomba. Hula umeme mwingi, wati 2,000 hadi 2,500, na mzigo mmoja mkubwa waweza kumaliza uniti nne au tano za tokeni, lakini ndani yake hamna mambo mengi. Pipa likizunguka bila joto, chomoa plagi, kisha upime kwa mita ya umeme fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi, na elementi, yaani waya unaotoa joto. Fyuzi hiyo mara nyingi hukatika kwa sababu bomba au kichujio kimezibwa na vumbi la nguo, kwa hiyo anayeibadilisha bila kusafisha ataibadilisha tena, na vumbi hilo hilo ndilo linaloweza kuwaka moto. Mota ikisikika na pipa limesimama, mkanda umekatika. Mlio wa kukwaruza hutoka kwenye magurudumu yanayobeba pipa. Bomba liwe fupi na la bati, si la plastiki, na kichujio kisafishwe kila baada ya mzigo.

Ya tatu ni ile yenye kompresa, ambayo hutumia takriban nusu ya umeme huo au pungufu na haihitaji bomba. Joto lake la wastani halichakazi leso na kanzu upesi. Mwenye nyumba ya wageni anayefua shuka kila siku aiweke ya kwanza, mradi amjue fundi wa friji, kwani mfumo wake wa gesi ni wa friji hasa, na afunge kifaa cha kulinda bodi yake ya elektroniki dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Anayeipeleka Lamu kwa boti kutoka Mokowe ahakikishe inabebwa wima. Ikilazwa, iachwe isimame kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa.

Ya mwisho ni ile inayogeuza mvuke kuwa maji bila kompresa. Hula umeme kama ya bomba, hupasha chumba joto, na kwa kuwa hupoza mvuke kwa hewa ya chumbani, ambayo huku tayari ni ya moto, huchelewa kukausha. Siishauri.

Mashine kuukuu kutoka Marekani nazo zisinunuliwe hata zikiwa rahisi: mota zake kwa kawaida hutaka volti 120 na hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde), na transfoma hubadilisha volti lakini haibadilishi hezi. Kabla ya kulipa, soma kibandiko cha nyuma: kionyeshe volti 220 hadi 240 na hezi 50. Mashine yenye elementi ichomekwe kwenye soketi yake yenyewe iliyo na waya wa ethi, kamwe si kwenye ekstensheni.