Miezi minne na Family Link katika nyumba yetu ya Langoni

Kabla ya Family Link, programu ya mzazi kusimamia matumizi ya simu ya mtoto, nilimlipa fundi mmoja wa simu shilingi 3,000 aniwekee programu ya siri katika simu ya mwanangu wa miaka 15, programu ambayo aliniahidi kuwa ingenisomea kila ujumbe unaoingia na kutoka. Ili iingie, ilimbidi fundi azime Play Protect, yaani kinga ya Google inayokagua programu hatari, nami niliyesimama mbele ya meza yake sikuuliza ni usalama gani huu unaoanza kwa kuzima kinga. Haikutimia wiki mbili. Betri ikawa haifiki adhuhuri, kijana akapekua mipangilio, akaiona, akanijia jikoni nikiwa nakuna nazi. "Mama, ungeniuliza tu," akasema, akaiweka simu kando ya mbuzi, akatoka.

Kwa hiyo tathmini hii inatoka kwa mzazi aliyekwisha kukosea mara moja. Family Link ni ya Google, ilitolewa mwaka 2017, haina malipo, na haijifichi. Kijana aliyetimiza miaka 13 akiwa na akaunti yake hawezi kuwekewa usimamizi kimyakimya, kwa sababu ni lazima akubali mwenyewe na kuandika nywila yake. Hapo mwanzo niliona sharti hilo linampa mtoto mamlaka ya mzazi. Lakini ndilo lililotukalisha darini jioni nzima tukibishana saa za kufunga, yeye akitaka saa 5:00 usiku, mimi nikitaka saa 2:00, mpaka tukakutana katika saa 3:30 usiku hadi saa 11:00 alfajiri, pamoja na kikomo cha dakika 120 kwa siku. Mkataba ule ndio unaotulinda zaidi, na programu inafanya kazi ya karani wake.

Ukarani huo inaufanya vizuri. Muda unapokaribia kwisha, humtahadharisha mtoto zikibaki dakika 15, kisha 5, kisha 1, hivyo hakuna mchezo unaokatwa ghafla wala mlango unaobamizwa. Simu ikishafungwa, bado anaweza kupokea anapopigiwa, na anaweza kupiga ya dharura; kwetu sisi, ambako baba yake ni mtu wa bahari na hupiga pale tu anapoupata mtandao, bila hilo nisingeikubali programu hii hata siku moja. Pia unaweza kuchagua programu zinazoruhusiwa wakati wote. Nimeiweka humo ya Kurani, ili asomapo usiku asikute kufuli, na kamusi, ingawa hiyo ya pili sijaona dalili kwamba inafunguliwa. Kila programu mpya anayotaka kuipakua kutoka Play, duka la programu la Google, hunitumia ombi kwanza. Ila ile niliyokwisha kuiruhusu, akiifuta na kuirudisha, hairudi kuomba.

Mzazi mwenye watoto wenye vifaa viwili asome hapa kwa makini. Kikomo cha siku huhesabiwa kwa kila kifaa peke yake, hakijumlishwi. Mjomba wake alipomletea kishikwambi kutoka Mombasa, nilikiweka chini ya usimamizi, nikakipa dakika 120 kama simu, nikalala nikijiona nimemaliza kazi. Usiku wa pili nikaona mwanga wa buluu ndani ya chandarua, mapema tu, kabla ya saa ya kufunga, ilhali simu yake ilikuwa imefungwa tangu magharibi. Hakuwa amevunja kitu: nilikuwa nimempa dakika 240 mwenyewe. Sasa simu ina 80 na kishikwambi kina 40, na hesabu hiyo aliipendekeza yeye.

Vilevile usitarajie kwamba itakuonyesha yaliyomo. Itakuambia ametumia dakika ngapi katika WhatsApp. Ameandikiana na nani na nini, haikuambii. Nilipokuwa na hasira za fundi wangu ningeihesabu hii kuwa kasoro kubwa, na kwa mzazi mwenye mtoto mdogo anayefuatwa na watu wasiojulikana labda ni kasoro kweli. Jambo jingine ni kwamba amri ya kufunga papo hapo haikifikii kifaa ambacho hakiko mtandaoni, kwa hiyo kijana asiye na bando utamfunga kwa kumwita jina. Na kama mtoto anatumia iPhone, Family Link haitakufaa kwa kiasi hiki. Huko kuna Screen Time ya Apple yenyewe, iliyoingia na iOS 12, mfumo wa iPhone, mwaka 2018. Mzazi, kwa upande wake, anaweza kusimamia akiwa na iPhone.

Ninaipendekeza, bila kusita, kwa nyumba ambayo mtoto amekubali kwa ulimi wake. Usiku wa Ijumaa mimi humwongezea dakika 30 za ziada, kwa kubonyeza mara chache tu, naye huziomba kwa adabu ambayo siku nyingine siioni. Kitu nilichokizima kabisa ni kuonyesha mahali alipo. Huu ni mji wa Lamu. Kijana akikatiza uwanja wa Mkunguni saa ya madrasa, nimekwisha kuambiwa na watu watatu kabla hajafika pwani.