Jiko Gani Ununue Nairobi: Kuanzia Linalookoa Zaidi

Maharagwe ndiyo yanayomaliza gesi. Chai ni ya dakika kumi na ugali wa watu wanne hauzidi nusu saa, lakini githeri, maharagwe na matumbo hukaa motoni hadi mtu asahau ameweka nini. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Chakula kigumu kinachelewa kuiva hata moto ukiwa mkali kiasi gani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize ni mara ngapi kwa wiki unachemsha nafaka kavu. Jibu la hapo ndilo limepanga orodha hii.

1. Sufuria ya presha ya stima

Ndiyo ya kwanza, na kwa mbali. Ndani yake mvuke ukifungiwa, joto hupanda kupita nyuzi 110, kwa hiyo ile shida ya mwinuko inaisha. Nusu kilo ya maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha huchukua dakika 10 hadi 15 kupata presha, kisha nusu saa hivi kuiva. Ya lita 6 huwa na wati 1,000, lakini ikishapata presha hujizima na kujiwasha, hivyo mapishi hayo hula karibu nusu uniti. Hata ukihesabu uniti moja kwa shilingi 30, ni shilingi 15. Na stima yetu sehemu kubwa hutoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana na upepo wa karibu na Ziwa Turkana.

Dukani, itoe sufuria ya ndani uishike. Nyepesi kama karatasi ya chokoleti? Iache. Angalia mpira wa kifuniko na uulize kabisa kama mpira wa akiba unauzwa hapo, kwa sababu ndio huharibika kwanza: hukauka, mvuke unavujia pembeni, presha haipandi na maharagwe yanaungua chini. Wengi hudhani mashine imekufa na kuitupa, kumbe ni mpira tu. Ukiosha, uvue mpira na uukaushe. Kile kitundu cha mvuke kizibue, maganda ya maharagwe hupenda kukwama hapo. Nafaka na maji pamoja visipite nusu ya sufuria, kwa kuwa maharagwe hufura na kutoa povu.

Chomeka moja kwa moja ukutani. Kwenye ekstensheni ya bei rahisi, sufuria hii pamoja na birika la wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 12, na soketi iliyolegea huyeyuka.

Udhaifu wake ni ugali. Ukisonga, sufuria ya ndani inazunguka pamoja na mwiko. Chapati nazo sahau.

2. Gesi

Ya ugali, chapati, mayai na chai ya haraka. Gesi hutokana na mafuta ghafi na gesi asilia, kwa hiyo si safi kama watu wanavyoisifu, ila ukiilinganisha na makaa hakuna mashindano. Kupata kilo moja ya makaa kwa tanuri la udongo la kienyeji huchoma kilo 6 hadi 10 za kuni huko yanakotoka.

Meko wa kilo 6 unamtosha mtu mmoja au wawili. Familia inunue mtungi wa kilo 13, kwa kawaida kila kilo huwa nafuu zaidi ukijaza. Usiondoke bila kupima: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake. Ujumlishe na kilo 6 au 13, kisha uweke mtungi kwenye mizani ya muuzaji. Akikataa kupima, nenda kwa jirani yake. Nyumbani, paka povu la sabuni kwenye rigyuleta na maungio ya mpira. Povu likitoa viputo, gesi inavuja. Usijaribu na kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa na hukaa chini sakafuni, ndiyo maana mlipuko hukuta watu ambao hawakusikia harufu kali.

Moto wa manjano na sufuria kuwa nyeusi maana yake bana imeziba. Ifungue, izibue matundu kwa sindano.

3. Jiko la makaa lenye kigae

Kwa anayelazimika kutumia makaa, hili ndilo la kununua. Muundo wake uliletwa miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, na mafundi wa Kamukunji wanaujua usingizini. Kigae cha udongo hushika joto lisipotee pembeni kama kwenye bati.

Gonga kigae kwa kidole: kizima hulia kama kikombe, chenye ufa hutoa sauti butu. Simenti kati ya kigae na bati isiwe na mwanya, na mlango wa majivu ufunge vizuri, kwa sababu ndio unaopunguza moto chakula kikishachemka. Kigae kibichi kikikutana na moto mkali hupasuka, kwa hiyo lianike juani siku mbili au tatu, kisha uwashe moto mdogo kwanza. Usizime makaa kwa kumwagia maji yakiwa ndani ya jiko, hapo ndipo vigae vingi hufia. Kikipasuka, nunua kigae peke yake.

Baridi ya Julai isikudanganye kuliingiza chumba cha kulala. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu.

4. Indaksheni, na yale ya koili

Indaksheni, jiko la stima linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, haipotezi stima, lakini sufuria zetu za alumini haizipashi. Beba sumaku: isiponata chini ya sufuria, utanunua sufuria mpya pia. Jiko la koili, lile la waya unaowaka mwekundu, hula stima nyingi zaidi kwa kazi ileile. Lipite.

Jiko la bati tupu ni rahisi siku ya kulinunua tu. Kama unalo, muuzie anayenunua vyuma.