Fusilli namba 98 za Barilla kwenye saladi baridi ya mboga: boksi zuri, dakika zake usizifuate

Saladi ya makaroni ikilala kwenye friji, asubuhi mara nyingi unakuta moja kati ya mawili: ama makaroni yameshikana bonge moja, ama yamekauka na sosi yote imetoweka. Watu hulaumu sosi na kuongeza mayonezi. Kwa kawaida kosa lilianzia dukani, kwenye aina ya makaroni iliyochaguliwa, likakamilika jikoni kwenye dakika za kuchemsha.

Hapa tunapima fusilli, yale makaroni yaliyosokotwa kama parafujo, za Barilla ya Italia: boksi la buluu la gramu 500 lenye namba 98. Tunazipima kwa kazi moja tu, saladi baridi ya mboga ambayo watoto na wazee watakula sahani moja bila kuchambua. Kwa kazi hiyo zinafaa kweli. Hazikatiki ovyo, zinashika sosi, na siku ya pili bado zinatafunika vizuri. Ila zina masharti yake, na sharti kubwa ni la muda wa kupika.

Ndani ya boksi kuna vitu viwili tu, semolina, yaani unga wa chengachenga, ya ngano ngumu na maji. Ngano ngumu si ile inayosagwa kuwa unga wa chapati. Punje yake ina unjano uliofifia na protini nyingi. Jedwali la virutubishi kwenye boksi linaonyesha karibu gramu 13 za protini kwa kila gramu 100. Protini hiyo hufuma wavu unaoshikilia wanga wakati makaroni yanachemka. Wavu ukiwa dhaifu wanga hutoka nje, maji yanakuwa mazito kama uji, na makaroni yakipoa wanga uliobaki juu yake unageuka gundi. Italia ina sheria tangu 1967 inayotaka pasta kavu ya huko itengenezwe kwa ngano ngumu. Kwa makaroni ya viwanda vingine, usiamini picha ya mbele; soma ubavuni mwa pakiti. Ikiwa protini iko chini ya gramu 11, huenda ni ngano laini. Makaroni hayo si mabaya kwa supu au kwa nyama ya kusaga ya moto, lakini friji hayaistahimili.

Umbo nalo lina kazi yake. Mifereji ya fusilli hukamata punje ya mahindi, njegere na kipande kidogo cha hoho, kwa hiyo kila uma hubeba pasta na mboga pamoja. Kwa mtoto anayependa kutenga karoti pembeni ya sahani, hilo ni jambo kubwa. Penne, namba 73 za kampuni hiyohiyo, ni nzuri za moto, lakini bomba lake hubaki na maji hata baada ya kuchuja, na baadaye maji hayo humwagikia kwenye sosi. Ukizitumia, ling'ute chujio mpaka likome kudondosha. Farfalle zenye umbo la kipepeo zinapendeza machoni, ila fundo la katikati hubaki gumu wakati mbawa zimeshalainika, na baridi huikuza tofauti hiyo. Makaroni madogo yaliyopinda kama kiwiko yanakwenda vizuri na mayonezi nzito. Tambi ndefu ziache kabisa. Zikipoa zinajifunga na mboga yote inazama chini ya bakuli.

Sasa kuhusu dakika. Boksi linasema 11. Hizo ni dakika za pasta inayoliwa moto, yenye kiini kidogo cha kung'ata katikati. Wanga uliopikwa ukipoa hujipanga upya na kukaza, na joto la friji, nyuzi 4 hivi, ndilo linaloharakisha kukaza huko. Ndiyo sababu hiyohiyo wali uliolala kwenye friji hukakamaa. Fusilli iliyotolewa kwenye dakika ya 11 ikiwa tamu kabisa, baada ya saa tatu za friji inatafunwa kama mpira. Kwa saladi baridi pika dakika 13. Kipimo cha uhakika ni kutoa moja na kuikata katikati kwa kisu: ukiona kitone cheupe, bado, rangi ikiwa moja toka ukingo hadi ukingo, epua. Usifike 15, maana kingo za msokoto huanza kufumuka na ukichanganya saladi zinakatika vipandevipande.

Dakika hizo 13 ni za Dar es Salaam, Mombasa, Zanzibar na popote palipo karibu na usawa wa bahari. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na chakula kinaiva polepole. Huko ongeza dakika moja au mbili zaidi na uamini kisu kuliko saa. Kampala na Arusha pia ziko juu vya kutosha kuhitaji nyongeza ya dakika moja hivi.

Boksi zima linataka lita 4 hadi 5 za maji kwenye sufuria pana. Maji yakiwa machache, joto hushuka mno unapomimina pasta, na wanga unajikusanya mahali padogo. Chumvi ni gramu 10 kwa kila lita. Kwa lita 4 ni vijiko viwili vya chakula vilivyosawazishwa na nyongeza kidogo. Usiogope kiasi hicho, kwa sababu sehemu kubwa itamwagwa na maji. Ukipunguza, pasta itakuwa chapwa ndani, na hakuna sosi itakayoirekebisha, kwani ulimi hausikii ladha ya chakula baridi kama unavyoisikia ya chakula cha moto. Koroga dakika mbili za mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo fusilli hunasana. Mafuta ndani ya maji hayasaidii, yanaelea juu tu.

Sufuria hiyohiyo iivishe mboga ngumu, uokoe gesi. Maharage machanga, gramu 150 yaliyokatwa urefu wa sentimita mbili, yaingie dakika 4 kabla ya kuepua. Njegere mbichi gramu 150 ziingie zikibaki dakika 3, na karoti mbili zilizokatwa vipande vidogo vya mraba zikibaki 2. Vyote vichujwe pamoja na pasta.

Kuhusu kusuuza, wapishi hawakubaliani. Kwa pasta ya moto ni kosa, kwa sababu wanga wa juu ndio unaoshika mchuzi. Kwa saladi baridi kusuuza kwa sekunde chache kunasimamisha uivaji na kuondoa gundi. Tatizo ni maji yenyewe. Kama maji yako ya bomba hunywi bila kuyachemsha, usiyamwagie chakula ambacho hakitarudi motoni. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, au acha kusuuza: tandaza pasta na mboga kwenye sinia pana, nyunyiza kijiko kimoja cha mafuta, geuza mara mbili tatu, na ndani ya dakika 15 itakuwa vuguvugu. Njia ya sinia ndiyo tunayoipendelea, kwa kuwa pasta vuguvugu na kavu hunyonya sosi vizuri kuliko iliyoloa maji.

Sosi ya boksi moja: mafuta mililita 120, siki au maji ya ndimu mililita 60, haradali kijiko kimoja cha chai, sukari kijiko kimoja cha chai, kitunguu saumu punje moja iliyopondwa, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili manga. Tia kwenye chupa yenye mfuniko na utikise. Uwiano wa mafuta mawili kwa siki moja utaonekana mkali kwenye ncha ya kijiko, pasta itautuliza. Mafuta ya zeituni peke yake huganda kwenye friji na kuacha utando mweupe juu ya mboga, hivyo changanya nusu yake na nusu ya alizeti, ambayo hubaki maji.

Sosi iingie kwa awamu mbili, na hapa ndipo saladi nyingi hufa. Theluthi mbili mimina pasta ikiwa bado vuguvugu, funika, ipoe kabisa. Pasta itainywa yote na bakuli litaonekana kavu; usishtuke wala usiongeze. Theluthi iliyobaki ingoje mpaka dakika za mwisho kabla ya kupakua. Wanaopenda saladi nyeupe wachanganye vijiko vinne vya mayonezi au mtindi mzito kwenye hiyo awamu ya pili. Mayonezi iliyotiwa mapema hunywewa usiku na kuacha mafuta tupu juu.

Mboga mbichi zinataka adabu yake. Tango moja lipasue, komba mbegu kwa kijiko, likate, lipake chumvi kidogo na uliache kwenye chujio dakika 15. Nyanya tatu pia toa mbegu na maji yake. Ukipuuza hayo mawili, kesho yake utakuta dimbwi chini ya bakuli. Hoho moja nyekundu na moja ya njano huongeza utamu. Ya kijani ina uchungu kidogo ambao watoto wengi hawautaki. Kopo moja la mahindi matamu lichujwe vizuri. Kitunguu chekundu kimoja kikate chembamba, kiloweke kwenye maji baridi yenye siki kwa dakika 10, kisha kikamue. Ukali unapungua na mdomo haunuki mchana kutwa. Asidi ya ndimu hugeuza kijani kuwa rangi ya majani makavu baada ya saa chache, kwa hiyo ukitaka maharage na njegere zing'ae, zichemshe peke yake, ziweke kando na uzichanganye pamoja na awamu ya pili. Kotimiri, au giligilani kama wanavyoiita wengine, nayo ni ya mwisho, na parachichi hukatwa mezani.

Kata kila kitu kiwe na ukubwa wa njegere au punje ya mahindi. Kipande kikubwa cha hoho kinaonekana, kinachaguliwa, kinaachwa. Kidogo kinaingia kwenye msokoto na kuliwa. Pilipili kali isiingie kwenye bakuli la wote. Iweke kwenye kibakuli chake na mafuta kidogo, anayeitaka ajitilie. Kwa wazee wenye meno ya taabu, karoti ya kuchemsha ni bora kuliko ya kukwaruza.

Gramu 500 za fusilli kavu hutoa zaidi ya kilo moja zikiiva. Ukijumlisha na mboga hizi, ambazo ni zaidi ya kilo moja, unapata chakula cha watu wanane, au kumi na wawili kama kuna kuku wa kuchoma pembeni. Usizidishe pasta kuliko mboga. Ikizidi, saladi inakuwa nzito na wanaosifu ni wenye njaa tu.

Toa bakuli kwenye friji dakika 20 kabla ya kula ili ubaridi upungue na ladha irudi, kisha onja chumvi upya. Lakini lisikae nje zaidi ya saa mbili, na katika joto la pwani linalopita nyuzi 32 lisizidi saa moja. Kuna bakteria wa wanga, Bacillus cereus, ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa na huzaana pasta inapoachwa kwenye vuguvugu, na sumu yao haiondoki kwa kupashwa moto. Kwenye friji, saladi ya siki hukaa vizuri siku mbili hadi tatu. Ya mayonezi iishe siku ya pili.

Kasoro ya boksi lenyewe ni kwamba ni karatasi ngumu isiyo na mfuko ndani. Kwenye nyumba kavu haina neno. Pwani, unyevu unaingia na fukusi wanatoboa. Ukifika nyumbani hamishia kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na ukate kipande cha boksi chenye tarehe ya mwisho ukitie humo.

Bei yake iko juu ya makaroni mengi yanayotengenezwa Afrika Mashariki, na si kila familia itaona tofauti inalipa. Kama unataka kujua iwapo pakiti ya bei nafuu inaweza kufanya kazi hii, nunua moja, chemsha konzi moja kwa dakika 13, chuja, geuza na kijiko kimoja cha chai cha mafuta, na uiache kwenye friji ikiwa imefunikwa hadi asubuhi. Kisha tikisa bakuli bila kugusa kwa kijiko. Yakiachana yenyewe, chukua pakiti nyingine tatu. Yakitoka bonge, yapikie supu.